Kabla ya Chapa, Angalia Shingo: Fimbo za Gofu za Kununua Uganda

Seti niliyonunua Kampala mwaka juzi ilinitoka shilingi milioni 1.8, na kwa miezi saba niliamini kwamba tatizo ni mikono yangu. Mipira ilikuwa inakwenda kushoto. Fimbo ya chuma namba 5 ilikuwa na nafuu, ya namba 7 ilipotea kidogo, na ya namba 9, ambayo ndiyo ilipaswa kudondoka karibu na bendera, iliishia majanini upande wa kushoto karibu kila mara. Nililipia masomo. Nikabadili namna ya kusimama, nikabadili glavu, nikaacha kulala vizuri.

Aliyeniokoa ni kedi (mbeba begi la fimbo) mmoja mzee wa Jinja, uwanja ule wa kando ya Nile ambao husimuliwa kwa sheria yake ya kwamba mpira ukiingia kwenye unyayo wa kiboko unaruhusiwa kuuokota bila adhabu. Mzee huyu alimjua baba yangu tangu enzi za kambini. Aliniangalia nikipiga mipira mitano, hakusema neno. Kisha akasema, "Binti wa afande, hebu nipe hiyo."

Akatoa mfukoni utepe mweusi wa mafundi umeme, akabandika chini ya wayo wa namba 7, yaani sehemu ya kichwa inayogusa nyasi, akaweka kipande cha plaiwudi kwenye nyasi na kuniambia nipige juu yake. Nikapiga mara tatu. Aliporudisha fimbo, utepe ulikuwa umechubuka upande wa kisigino tu, karibu kabisa na shingo, pale mpini unapoungana na kichwa. Katikati ulikuwa mpya, na kwenye ncha hapakuwa na hata mkwaruzo.

"Unaona? Unagonga kwa kisigino. Ncha inatazama juu. Mikono yako haina kosa, mwanangu. Fimbo hii ni ya mtu mrefu, ikakatwa mpini tu."

Ndiyo maana mwongozo huu hautaanza na umbali wa mpira, wala ukubwa wa kichwa, wala rangi ya begi. Hayo muuzaji yeyote atakuambia bila kuulizwa. Mimi nataka tuzungumze kuhusu pembe kati ya mpini na wayo wa fimbo, yaani jinsi kichwa kinavyolala chini ukisimama mbele ya mpira. Ncha ikiinuka, uso wa fimbo unageukia kushoto kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Kisigino kikiinuka, mpira unakwenda kulia. Na kadiri uso wa fimbo ulivyoinama, ndivyo kosa linavyoongezeka, kwa hiyo wanaoumia zaidi ni namba 8, 9 na weji (fimbo fupi ya mipira ya karibu), fimbo ambazo tunazitegemea kupata alama.

Hapa kwetu kosa hili ni la kila siku, kwa sababu fimbo nyingi tunazonunua zimetumika na zilitengenezwa kwa mtu mwingine huko Marekani au Uingereza. Mimi nina sentimita 158. Seti yangu ilikuwa ya mwanamume. Muuzaji alichukua msumeno, akakata inchi moja juu ya kila mpini, akavisha mishiko mipya ya zambarau na kuniambia, "Sasa ni za kike, madam." Ukikata mpini, shingo inabaki kama ilivyo, na pembe yake hakuna aliyeipima kwa mwili wako. Mpini nao unakuwa mgumu na kichwa kinahisika chepesi. Alinifanyia makosa matatu kwa mara moja, kisha akanitoza 180,000 za "kurekebisha". Chapa iliyoandikwa kwenye fimbo zile siitaji, kwa kuwa haikuwa na kosa. Kosa ni la mtu anayeuza kifaa cha vipimo kama anauza mwavuli.

Sasa nije kwenye swali lililonifikia mara nyingi kuliko yote. Afande mmoja aliyeko Mbarara aliniandikia: ameonyeshwa seti ya Nike, bei inamvutia, lakini wenzake wanamcheka na kumwambia kampuni ya viatu haiwezi kutengeneza fimbo za maana. Wengine wameniuliza hivyo hivyo kwa maneno mengine.

Inaweza. Tena jibu lipo kwenye picha maarufu za Tiger Woods aliposhinda mashindano makubwa ya Masters mwaka 1997. Nguo alizovaa ni za Nike, ila vyuma vilivyokuwa kwenye begi lake ni vya Mizuno. Na Mizuno ni nini? Ni kampuni ya michezo ya Osaka, iliyoanzishwa mwaka 1906, inayotengeneza viatu vya kukimbilia, viatu vya voliboli, glavu za besiboli. Nilicheza voliboli shuleni, na jina hilo nilikutana nalo kwanza kwenye viatu vya mchezaji wa timu pinzani. Fimbo za gofu walianza kuzitengeneza mwaka 1933. Kwa hiyo anayesema mtengeneza viatu hajui fimbo anapingana na miaka zaidi ya tisini ya kazi ya watu wale.

Nafasi ya kwanza basi naipa Mizuno, na sifichi kwamba naipenda. Sababu yangu ni shingo. Vyuma vyao vingi vya hali ya juu hufuliwa Hiroshima: kipande kimoja cha chuma laini kinapashwa moto na kugongwa mpaka kipate umbo, badala ya kumiminwa kwenye kalibu. Chuma hicho fundi mwenye mashine ya kukunjia shingo anakigeuza nyuzi mbili hivi bila hofu. Kwa mnunuzi wa fimbo zilizotumika hilo ni kila kitu, kwani unaweza kununua fimbo za mgeni na kuzifanya zako. Tafuta JPX919 Forged, ya mwaka 2018. Kama handikapu yako (kipimo cha uwezo wa mchezaji) bado ni kubwa, tafuta ndugu yake Hot Metal: hiyo ni ya kalibu, lakini kwa aina ya chuma ambayo bado inakubali kukunjwa. Ninazo Hot Metal tangu mwaka jana. Fundi alizilaza nyuzi mbili, na siku ile ile utepe ukachubuka katikati. Ubaya wake? Chuma laini hupata makovu. Nikibeba begi kwenye boda kutoka Bugolobi hadi uwanja wa Kitante, vichwa vinagongana njia nzima, na vimeshaota vidoto. Havijanibadilishia mpira hata mmoja. Draiva ya Mizuno, ile fimbo ndefu ya kuanzia shimo, sikulazimishi. Hapo kuna wengine wanaofanya vizuri zaidi.

Ya pili ni Ping. Hawa si wa viatu, lakini siwezi kuandika kuhusu pembe ya fimbo nikawaruka. Karsten Solheim, mwanzilishi wake, alikuwa injinia, na tangu miaka ya 1970 kampuni yake inatia kidoto cha rangi kwenye kila chuma ili kuonyesha jinsi kinavyolala. Cheusi ni cha kawaida, chekundu kimelazwa kidogo, cha bluu kimesimamishwa kidogo. Yaani unaokota fimbo kwenye rundo la vitu vilivyotumika, unaangalia kidoto, na unajua ilitengenezwa kwa mtu wa namna gani. Mtu mfupi kama mimi huanza na chekundu. Nimewahi kumsikia muuzaji akimweleza mteja kwamba kidoto cha bluu maana yake ni "toleo maalumu", na akaongeza bei. Niliondoka dukani nikiwa na hasira za siku nzima.

TaylorMade na Cobra nawaweka pamoja nafasi ya tatu, na wanatufundisha jambo kuhusu swali la afande. Adidas iliichukua TaylorMade mwaka 1997 pamoja na kampuni ya Salomon, ikakaa nayo miaka ishirini, na ikaiuza 2017. Puma ilinunua Cobra mwaka 2010 na bado inayo. Hakuna hata mmoja aliyefuta jina la fimbo akaandika la viatu. Waliwaacha mafundi wafanye kazi yao, wao wakauza fulana. Draiva zao ni nzuri mno, na ndizo ningetafuta kwanza kama pesa yako ni ya draiva. Vyuma vyao vingi vya wanaoanza ni vya kalibu na vigumu, kwa hiyo pima kabla hujalipa, usitegemee kukunja.

Wilson wana historia ndefu. Mchezaji wao Gene Sarazen alishinda The Open, mashindano makubwa ya Uingereza, mwaka 1932 akitumia weji ya mchangani aliyoibuni, na Wilson wakaja kuiuza. Lakini jina hilo hilo liko pia kwenye seti za supermaketi. Neno la kutafuta kichwani ni Staff.

Halafu Nike yenyewe. Sitaki mtu aniambie kwamba fimbo zao hazikuwa na uzito. Waliajiri Tom Stites, fundi aliyepitia kampuni ya fimbo ya Ben Hogan, wakampa karakana Fort Worth, Texas. David Duval alishinda The Open mwaka 2001 akiwa na vyuma vyao. Mwaka 2003, Tiger akiwa ameshahamia fimbo za Nike, mpinzani wake Phil Mickelson alisema Tiger anatumia vifaa duni, na Tiger akajibu kwa kushinda mashindano makubwa sita akiwa na vyuma vya Nike, kuanzia Masters ya 2005 hadi US Open ya 2008. Ingawa fimbo aliyosukumia mpira shimoni katika yote sita ilikuwa ya Scotty Cameron, si ya Nike, na hilo nalo linasema kitu.

Tatizo la Nike lilikuwa kwamba fimbo za bingwa na fimbo zako zilikuwa vitu viwili tofauti. Yeye alipiga vyuma vyembamba vya kufuliwa. Sisi tukauziwa Slingshot za kalibu zenye utepe wa chuma mgongoni, na draiva ya mraba, Sumo2, ambayo sauti yake ilisikika uwanja mzima. Mwaka 2007 baadhi ya draiva hizo zilirudishwa kiwandani kwa kuzidi kipimo kinachoruhusiwa cha jinsi uso wa fimbo unavyourusha mpira. Kisha Agosti 2016 kampuni ikatangaza kwamba inaacha fimbo, mipira na mabegi, ibaki na viatu na nguo. Rory McIlroy alikuwa ameshinda nazo makubwa mawili miaka miwili tu kabla. Hapo ndipo nalaumu. Aliyenunua draiva ya Covert yenye shingo ya kuzungusha, leo akipoteza skrubu au ufunguo wake, anaokoteza kwa watu.

Na bado wauzaji wetu wanatutoza kwa ajili ya alama ile ya tiki ya Nike kama vile duka linaletewa mzigo mpya kesho. Sehemu nyingine duniani bei ya fimbo hizo ilishuka zamani. Hapa unaambiwa kwa dola, na ukiuliza kwa shilingi unatajiwa kiwango cha kubadilisha ambacho hakipo benki yoyote. Ukiuliza kwa nini, jibu ni ushuru. Ushuru upo, na VAT ya asilimia 18 ipo, naijua maana kazi yangu ni kutoa mizigo. Lakini fimbo iliyoingia nchini kwenye sanduku la mtu anayerudi kutoka London haikulipiwa chochote, na bei yake ni ile ile. Wanawake tunatozwa zaidi kwa seti zenye rangi za kike ambazo vipimo vyake hakuna aliyeviangalia.

Seti za boksi za bei rahisi sina mengi ya kusema juu yake. Beba sumaku ndogo. Kichwa cha chuma kisichoishika mara nyingi ni zinki, na zinki ukijaribu kuikunja inavunjika. Kwa mtoto anayejaribu mchezo, sawa.

Kuvunjika nakujua. Seti yangu ile ya kwanza ilikuwa ya chuma kigumu cha kalibu, na nilipoambiwa shida ni pembe niliipeleka kwa fundi wa kuchomelea, kwa kuwa wa mashine alikuwa safarini. Namba 6 na 7 ziligoma kabisa. Namba 8 ilitoa mlio mkali na ufa ukatokea kwenye shingo, mwembamba kama unywele. Usipeleke fimbo kwa mtu asiye na mashine ya kazi hiyo.

Afande, hivi ndivyo ufanye na seti yako ya Nike. Kwanza angalia kama ni VR Pro Blade au Combo. Hizo zilifuliwa na shingo yake inakubali. Chukua kalamu ya ubao mweupe, chora mstari mnene kwenye mpira, uweke mstari ukisimama wima ukitazama uso wa fimbo, kisha piga kwa namba 7. Wino utabaki kwenye uso. Mstari wa wino ukiwa wima, fimbo inakufaa. Kichwa cha mstari kikiegemea upande wa ncha, imesimama mno kwako. Kikiegemea kisigino, imelala mno. Piga mitano, usiamini mmoja. Kama ni Slingshot na mstari umeegemea, rudisha hata ukipewa kwa nusu bei. Kama ni za kufuliwa, toa gharama ya kukunja kwenye bei anayotaka muuzaji, na umlipe kwa shilingi. Akikukatalia kupiga mpira wenye wino kwa madai kwamba utachafua fimbo, ziache pale pale mezani. Wino ule unafutika kwa kidole.