Tumelipia leseni ya kanzidata miaka yote, kumbe ni ya bure

Nilijiambia sitaandika haya mpaka hasira zipoe. Hazijapoa.

Mimi ni mhasibu wa SACCOS ya walimu hapa Morogoro, na kwa kuwa mkataba wa mfumo uko kwenye faili langu, kila kinachogoma kwenye kompyuta huletwa kwangu. Ilikuwa mwisho wa mwezi, siku zile mishahara imeshaingia na ukumbi umefurika. Keshia akaniita: "Mama, mfumo haupokei." Ukimtafuta mwanachama unampata, salio unaliona, taarifa zinachapwa. Ila ukiingiza muamala mpya na kubonyeza hifadhi, linatokea dirisha la kosa: nafasi imejaa.

Kaunta alikuwa amesimama mwalimu mstaafu, bibi wa watu, kitabu chake cha akiba kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, anafuata ada ya mjukuu. Tulimlipa kwa stakabadhi ya mkono na karatasi ya kaboni. Akaniinamia, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hela zetu zipo kweli?" Swali hilo sijalisahau, na ndilo linaloniandikisha leo.

Nikawapigia waliotuuzia mfumo. Aliyepokea hakunipa hata pole. "Dada, diski yenu imejaa. Hayo ni mambo ya vifaa, sisi tunahusika na programu. Soma mkataba." Nikamwambia diski ya seva ina zaidi ya giga 400 wazi, nimetazama kwa macho yangu. "Kwani wewe ni mtaalamu wa kompyuta?" Akakata simu. Tukatii, tukanunua diski mpya. Ilikuja na basi la usiku kutoka Dar, fundi akaifunga asubuhi, na dirisha la kosa likatokea vilevile, neno kwa neno.

Siku ya tatu ndipo walipotuma kijana, na huyo nampa haki yake. Aliketi kwenye seva kama nusu saa, kisha akasema, "Mama, naomba uje uone mwenyewe." Kanzidata yetu, yaani ghala la kumbukumbu zote za mfumo, inaendeshwa na programu iitwayo SQL Server Express. Hilo ni toleo linalotolewa bure, na watengenezaji wake wameliweka wazi jambo hili: kwa toleo tulilonalo sisi, kila kanzidata inaishia giga 10, hata ukiweka diski ya ukubwa gani. Yetu ilikuwa imefika ukomo. Kilichoijaza ni picha tulizoskani, fomu za mikopo na vitambulisho, ambazo mfumo ulikuwa ukizipachika humo humo kwenye kanzidata badala ya kuziweka kwenye folda. Akafungua kanzidata ya pili, kwa sababu kikomo ni cha kila moja, akahamishia picha huko, na kabla ya saa kumi jioni keshia alikuwa anapokea.

Lakini alinionyesha na jambo lingine. Express haiji na kile kipanga ratiba cha kuendesha kazi zenyewe usiku. Nakala rudufu za kila siku tulizoahidiwa hazikuwa zikitengenezwa. Ya mwisho ilikuwa ya miezi mingi nyuma. Seva ingeungua siku ile, akiba za walimu tungezisomea wapi?

Nikaenda kabatini. Ankara ya mwaka huu, ya mwaka jana, ya mwaka juzi: mstari wa tatu, "Leseni ya kanzidata". Zote zimelipwa, saini ni yangu.

Sasa niseme ukweli wote. Programu yenyewe ni nzuri. Riba inakokotoa sawa, makato ya mishahara yanaingia bila kuvurugika, na taarifa za Tume ya Maendeleo ya Ushirika zinatoka mchana mmoja, kazi iliyokuwa ikitulaza ofisini. Nilikuwa tayari kuwapa alama tatu kati ya tano na kuwaambieni mnunue, mradi muulize mapema kanzidata ni toleo gani na leseni imesajiliwa kwa jina la nani.

Kisha nikawaandikia kuomba paswedi ya msimamizi wa kanzidata. Jibu lilikuja kwa barua: paswedi ni mali ya kampuni, na tukitaka kuhamisha data zetu kuna malipo ya ziada. Data zetu! Michango ya watu waliofundisha miaka thelathini! Hapo alama tatu nazifuta. Usinunue kwa mtu anayeshika ufunguo wa nyumba yako na kukutoza ukitaka kuingia. Kijana aliniambia kuna PostgreSQL, programu nyingine ya kanzidata, ambayo haiuzwi leseni wala haina kikomo kama hicho, ila programu yao haikuandikwa kwa ajili yake. Nimeshaomba bei kwa wengine, na swali langu la kwanza ni kama watairejesha nakala rudufu mbele ya macho yangu, siyo kwa maneno.

Mkataba mpya wa kampuni ile ile uko mezani. Sijausaini, na bodi nimeiambia kwa nini.

Yule bibi alikuja tena juzi. Siku hizi kila akija anaomba nimchapie salio lake, analisoma mpaka mwisho, analikunja mara nne, na kulitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitabu.