TAHADHARI: Vidonge vya "seli za Nobeli" ni utapeli

Wenye lupasi (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe), wenye baridi yabisi, na wazazi wa watoto wenye kisukari aina ya kwanza, someni kabla hamjatuma hela.

Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya wagonjwa na vidonge anavyodai "vinaamsha seli T dhibiti". Kopo laki mbili na nusu, hela inatangulia. Mama yangu mdogo alituma. Kopo likaja halina namba ya usajili wala jina la kiwanda. Kuuliza tu, akablokiwa.

Jamaa ni mjanja, maana sayansi anayoitaja ni ya kweli. Seli hizo zipo, na kazi yake ni kuzuia kinga isiushambulie mwili wenyewe. Shimon Sakaguchi wa Japani alizionyesha mwaka 1995. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani wakalipata jeni la FOXP3, ambalo seli hizo hulitegemea. Likiharibika, mtoto wa kiume huzaliwa na kinga inayomla utumbo, ngozi na kongosho. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2025. Huyu tapeli kabandika picha zao kwenye tangazo utadhani ni mawakala wake!

Ila anajiumbua mwenyewe anapodai kopo hilohilo linatibu lupasi na saratani. Kwenye lupasi tungependa seli hizi zifanye kazi zaidi. Kwenye saratani nyingi zinajazana ndani ya uvimbe na kuukingia kifua, na watafiti wanahangaika kuzipunguza. Kidonge gani hicho kinachoongeza na kupunguza kwa wakati mmoja? Wanaojaribu tiba hii kweli huzitoa seli kwenye damu, wakazikuza maabara, kisha wakamrudishia mgonjwa kwa dripu, na bado ni majaribio.

"Mbona fulani kapata nafuu?" Inawezekana. Dawa za mitaani zimeshakutwa na steroidi (dawa kali za kushusha uvimbe na kinga) kama deksamethasoni, zimechanganywa kimyakimya. Maumivu yanatulia upesi, uso unavimba, sukari inapanda, na kuziacha ghafla ni hatari.

Hela si kitu. Anawaambia watu waache dawa za hospitali! Mtoto wa kisukari aina ya kwanza akikatishwa insulini anaweza kufa ndani ya siku chache.

Aliyekwisha kunywa asitupe kopo, aende nalo kwa daktari wake. Tanzania ripoti TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), Kenya Bodi ya Famasia na Sumu, na ujumbe wa muamala utunze kwa ajili ya polisi. Namba anabadilisha kila mara, ila anajiita "Profesa" na hakubali kupigiwa simu ya video.