Seti ya kuvuta mibonyeo ya gari kwa gundi: daraja zuri, gundi hafifu

Ndani ya kasha kuna bastola ya gundi, vijiti vya gundi vya milimita 11, vishikio vya plastiki vya ukubwa tofauti (ndivyo vinavyobandikwa kwenye mbonyeo na kuvutwa), daraja dogo la kuvutia vishikio hivyo, lenye miguu miwili ya mpira, nyundo ya kuvuta yenye uzito unaoteleza kwenye fimbo, na kalamu ya plastiki ya kugongea. Kazi yake ni kutoa mibonyeo midogo bila puti wala rangi mpya: mlango uliogongwa na mlango wa gari la jirani, boneti iliyoangukiwa na embe. Kwa mbonyeo wa mviringo usiozidi sentimita 5, usio na mkunjo wala mchubuko, seti hii inatosha kabisa. Ila gundi inayokuja nayo haitoshi, na hilo ndilo lalamiko letu kubwa.

Kwanza, jambo ambalo karatasi ya maelekezo haisemi: gundi haishiki bati, inashika rangi. Ukivuta, nguvu yote inapitia kwenye klia (tabaka la juu lisilo na rangi), rangi na praima (tabaka la chini kabisa) ndipo ifike kwenye bati. Rangi ya kiwandani imeokwa tanurini na imeng'ang'ania. Tabaka zote pamoja huwa kama maikroni 100 hadi 150 (maikroni 1,000 ni milimita moja). Rangi iliyopigwa gereji juu ya puti haina mshiko huo. Inabanduka na kishikio, kipande kizima, na mbonyeo wa bure unageuka kuwa mlango mzima wa kupakwa upya.

Kwa gari lililotumika kutoka Japani, tafuta karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari lilipouzwa mnadani huko, kabla ya kushika bastola. Kwenye mchoro wa gari, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyowahi kunyooshwa au kupakwa, na XX ni sehemu iliyobadilishwa. Penye W au XX usivute kwa gundi. Karatasi hiyo haijui gari lilifanyiwa nini baada ya kushuka bandarini, kwa hiyo pitisha pia sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini: penye puti nene inashika kivivu. Rangi mpya isiyo na puti sumaku haiioni. Hapo inahitajika mashine ya kupima unene wa rangi, na ikisoma zaidi ya maikroni 200, acha.

Sasa gundi. Vijiti vya kwenye kasha ni vya kazi za mikono tu, na kwenye joto la Dar au Mombasa vinabaki laini kama ubani wa kutafuna. Nunua vijiti vinavyotengenezwa kwa kazi hii, vya hali ya joto. Fanya kazi kivulini, bati likiwa limepoa. Boneti nyeusi iliyokaa juani haifai hata kwa gundi bora. Futa rangi kwa spiriti ya isopropili hadi polishi na waksi viishe, futa na uso wa kishikio. Acha bastola ipate moto dakika 5 hadi 10. Jaza gundi kwenye kishikio kinachoingia ndani ya mbonyeo bila kugusa kingo zake, kibandike katikati, kisha subiri hadi gundi iwe ngumu kiasi ila bado ina uvuguvugu.

Kishikio kikichomoka, kitazame. Gundi yote imebaki kwenye gari? Kishikio kilikuwa kichafu au kinateleza; kikwaruze kwa msasa. Imetoka yote safi na kishikio, na bati halijasogea? Rangi bado ina waksi, au gundi ilipoa kupita kiasi. Imenyumbuka kama uzi? Uliharakisha. Ukikazana kuongeza nguvu kabla ya kusoma dalili hizi, unachosha rangi bure.

Daraja ndilo chombo bora kwenye kasha hili. Unakaza kifundo chake polepole, kishikio kinavutwa, bati linapanda, unaona. Nyundo ya kuvuta ina nguvu zaidi na ndiyo inayoharibu: pigo moja kali linainua kichuguu chenye ncha, na kichuguu ni kigumu kuondoa kuliko shimo. Tegemea kuvuta mara 5 hadi 15, ukibadilisha vishikio, si mara moja.

Wengi wanakwama kwa sababu ya ukingo. Bati la mlango lina unene wa kama milimita 0.7, linapobonyea, pembeni yake panainuka duara dogo, na duara hilo ndilo linalolifunga shimo lisirudi. Simama upande, tazama mwanga wa taa ya tyubu kwenye rangi: mstari wake ukipinda, hapo pana kasoro. Weka kalamu ya plastiki juu ya duara na uigonge taratibu kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi mengi. Shimo linalegea, na mvuto unaofuata unafanya kazi ambayo mitano ya mwanzo haikufanya. Ukivuta kidogo kupita usawa, rudisha kwa kalamu hiyo hiyo.

Kubandua gundi: nyunyizia spiriti ukingoni mwake, subiri iingie chini, kisha inua kwa kikwaruzio cha plastiki. Usitumie kisu, wala usikisokote kishikio kikiwa kimeganda.

Usiinunue kwa ajili ya mkunjo mkali, mstari wa bodi uliovunjika, au ukingo wa mlango. Pale bati limetanuka au kukunjwa, na gundi hailirudishi. Boneti za aluminiamu, kama za Toyota Prius, hazishiki sumaku, zinahitaji nguvu zaidi na haziegemei kurudi zenyewe; mpe fundi. Mbinu ya draya ya saluni na gesi ya baridi inayosambaa mitandaoni haisaidii bati.

Bampa la plastiki ni habari nyingine, wala halihitaji seti. Mwagia maji ya moto, sukuma kwa nyuma kwa mkono wenye glavu nene hadi lirudi, kisha mwagia ya baridi lishike umbo.