Mario vs. Donkey Kong ya Switch, uzoefu wangu na watoto wawili hapa Arusha

Wazazi wenzangu ambao watoto wanagombania simu yako kila ukikaa, hii inawahusu. Mi ninao wawili, wa kike ana miaka tisa na mdogo wake wa kiume sita, tunakaa Sakina, na baridi la huku mwezi wa sita mnalijua, shule zimefungwa, asubuhi hakuna mtoto anatoka nje, ni katuni na kelele tu mpaka jua litoke kama litatoka.

Gemu inaitwa Mario vs. Donkey Kong, inachezwa kwenye Nintendo Switch, ile mashine ya gemu yenye skrini yake ya kushika mkononi, ilitoka Februari 2024. Kiukweli ni ya zamani iliyofanywa upya, ya kwanza ilikua ya Game Boy Advance, mashine ya zamani ya Nintendo, 2004, safari hii wameongeza dunia mbili mpya na sasa zipo hatua zaidi ya 130. Hadithi yake ni kwamba lile sokwe Donkey Kong limeona tangazo la vidoli vya Mario, shujaa wa gemu, kwenye tivii, limeenda kununua limekuta vimeisha, likapandwa hasira likavamia kiwanda likabeba vyote. Wangu wa kiume akauliza sasa si angesubiri watengeneze vingine? Hayo yote yanaonyeshwa kwa picha bila maongezi, kwahiyo hata asiyejua kusoma anaelewa.

Kucheza kwenyewe ni kufikiria, sio kupigana. Unabeba ufunguo unaupeleka mlangoni, af upande wa pili unatafuta kidoli. Shida iko njiani, maana kuna swichi za rangi, ukikanyaga nyekundu matofali mekundu na ngazi nyekundu vinakua vya kweli na vya rangi zingine vinabaki kivuli tu, yani unapita katikati. Sasa wakicheza wawili mmoja ni Mario mwingine ni Toad, mwenzake Mario, na ufunguo unaongezeka wa pili, hapo ndo utamu ulipo. Utasikia dada kasimama juu kwenye matofali ya bluu anapiga kelele "usikanyage ya njano we, ntaanguka!", na dogo kashakanyaga, dada chini. Wanacheka, wanalaumiana, wanarudi wanapanga, we nenda kule mi nikuvushie ufunguo. Hao hao ambao kwenye simu wanang'atana. Mi kwangu hela yangu imerudi hapo tu.

Zile hatua ambazo vidoli sita vinamfuata Mario kama vifaranga, mnaokota herufi T, O, Y ndo sanduku lifunguke viingie, binti yangu anazipenda balaa. Dogo hana subira nazo, anaviacha nyuma halafu analia.

Kwa wadogo wekeni ile staili rahisi, haina muda wa kuhesabu na ukikosea unarudishwa na povu hadi pale karibu, huanzi mwanzo. Dunia za kwanza ni nyepesi sana kwa mtu mzima ila mbele kuna za wataalamu, baba yao usiku anajifanya anaangalia chaji kumbe anacheza.

Intaneti haihitaji ukishakua na kadi yake, ile yenye gemu ndani unayoichomeka kwenye mashine, umeme ukikatika wanaendelea na betri. Hicho kikadi ni kidogo jamani, kinapotea hivi hivi, lakini kimepakwa kitu kichungu makusudi ili mtoto asimeze. Mtoto wa dada yangu alikiweka mdomoni, uso ukajikunja wote akakitema kwenye zulia, mi nikakifuta nikakirudisha kwenye boksi lake. Na kuna programu ya bure ya mzazi unaweka kwenye simu yako, unapanga muda wa kucheza kwa siku, ukiisha mashine inawaambia yenyewe, sio mama tena ndo mbaya.

Cha kuangalia sana kabla hujatoa hela ni aina ya mashine. Switch ya kawaida pedi zake mbili zinachomoka, unasimamisha skrini mezani kila mtoto anashika yake. Switch Lite hazichomoki na haiungi kwenye tivii, kwa mtoto mmoja ni sawa, kwa wawili itabidi ununue pedi nyingine pembeni. Muuzaji sio lazima akwambie hilo, anataka auze. Bei, Marekani ilitoka kwa dola 49.99, wakati Mario nyingi za Switch ni 59.99, ila ikifika huku inategemea nani amekubebea. Kama unapata iliyotumika chukua, kadi haichakai kirahisi, we hakikisha tu inasoma mbele ya macho yako.

Mwenye gemu ya Captain Toad anayoiuza anicheki, wawili hawa hii wanakaribia kuimaliza.