Mashuka meupe au ya rangi kwa nyumba ya wageni?

Wenye apatimenti za kupangisha kwa siku, kuanzia Masaki hadi Kigamboni, hawaishi kubishana juu ya hili.

Kwa madoa, meupe ya pamba yana nguvu: unayaloweka kwa jiki, na doa la chai, divai au hina linafifia. Ya rangi ukiyatia jiki umeyaua. Damu haichagui: maji ya baridi kwanza, maana ya moto huigandisha.

Ila meupe yana adui wake, losheni ya kujikinga na jua. Mgeni katoka ufukweni, kajitupa kitandani. Ukifua kwa maji ya kisima yenye madini ya chuma, doa linageuka kama kutu, na jiki hulikoleza. Hapo paka sabuni ya vyombo kabla ya kufua.

Gharama? Shuka jeupe likiharibika, pacha wake hakosi Kariakoo; la rangi ni bahati yako. Hata hivyo jiki ya kila mara huchosha uzi.

Mimi natumia meupe, na kitaulo cheusi cha kufutia vipodozi. Lakini kama unapokea familia zenye watoto, wanakaa mwezi, na dada anafua kwa mkono, ya kahawia yatakupunguzia kelele.