Stoo ya kukodi Tanga: Ngamiani au Pongwe?

Swali hili hurudi kila mtu anapohama nyumba au bidhaa zinapozidi duka. Jibu linategemea stoo hiyo utaifungua mara ngapi.

Kwa kodi, Pongwe kuna nafuu. Nafasi ipo, na lori linageuza bila kusumbua jirani. Ngamiani, katikati ya mji, unalipia ukaribu: chumba kidogo, kodi juu, na kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba hata kirikuu hupata shida kuegesha.

Lakini hesabu usafiri. Pongwe iko nje ya mji, njia ya Muheza na Segera. Mwenye duka la vitenge anayefuata robota kila baada ya siku chache atamaliza nafuu yote kwenye kukodi gari. Ngamiani anaita mkokoteni, mzigo umefika. Anayepokea shehena kutoka Moshi au Dar es Salaam, yeye anashusha Pongwe bila kuingia mjini.

Utunzaji watu wanaupuuza, na mimi ningeanza nao. Tanga ni pwani: unyevu ni mwingi, na masika ya Machi hadi Mei godoro huota ukungu. Popote utakapokodi, kagua paa, sakafu na matundu ya hewa. Panga mzigo juu ya mbao, usiuegemeze ukutani. Ukisogea baharini, chumvi hula bati na kufuli upesi zaidi.

Usalama? Ngamiani macho ya majirani yapo. Pongwe uliza kuhusu mlinzi, na nani ana ufunguo wa pili.

Samani za mtumishi aliyehamishwa, za kukaa mwaka mzima, ningezipeleka Pongwe. Bidhaa za duka, Ngamiani. Mwenye vyote anaweza kugawa.