Wametandika nyasi kama zulia, halafu wakaita mashindano

Nimeshapoa kidogo, ndiyo maana naandika. Siku ile ningeandika matusi.

Klabu siitaji, watu wa Arusha wataijua wenyewe. Walifunga kiwanja cha gofu miezi mingi, wakasema wanakirudisha kilivyokuwa zamani: miti inapunguzwa, banka (yale mashimo ya mchanga) zinachimbwa upya, kingo za grini, pale penye nyasi laini na kitundu cha mpira, zinanyolewa. Sawa. Nikatoka Moshi na mkoba wangu, ada nimelipa, roho nyeupe.

Shimo la saba. Mpira umekaa hatua chache nje ya grini, nyasi fupi kabisa, nikachukua fimbo ya kusukumia. Ukaenda vizuri mpaka kwenye mshono wa vipande viwili vya nyasi, ukaruka, ukakata kushoto, ukateremka bankani. Kedi, mbeba mkoba wangu, akainama, akainua ncha ya kipande kwa vidole viwili. Chini udongo mkavu, mzizi hata mmoja hakuna. "Bosi, hizi zimeletwa juzijuzi tu."

Nikaenda kwa bwana wa kamati. Macho hakuyatoa kwenye simu. "Mzee wangu, kiwanja kikikushinda, kuna bao pale nje." Halafu, kana kwamba hiyo haitoshi: "Hata Pinehurst walifanya hivihivi."

Jamani! Kiwanja cha Pinehurst No. 2 kule Marekani, wachoraji wa viwanja Bill Coore na Ben Crenshaw waling'oa nyasi ndefu za pembeni, wakarudisha mchanga na majani ya porini ya enzi za Donald Ross, aliyekichora mwanzo. Kazi ikaisha 2011, US Open ya wanaume, mashindano makubwa ya gofu, ikaja 2014. Miaka mitatu nyasi zinashika! Na Martin Kaymer aliyeshinda kwa tofauti ya mikwaju 8 alikuwa akisukuma mpira chinichini kutoka nje ya grini, kitu kilekile nilichojaribu mimi. Wiki iliyofuata wanawake wakacheza US Open yao hapohapo, Michelle Wie akabeba kombe. Wiki mbili kiwanja kinakanyagwa na kinahimili. Chetu kimeshindwa na msukumo wangu mmoja.

Nilitaka kuwaambia msiende. Ila shimo la nne, niseme kweli, ni tamu. Zamani miti ilikubana, unapiga katikati huku unaomba Mungu. Sasa ukithubutu kupita kushoto karibu na banka, grini inakufungukia. Ukikimbilia kulia kwenye usalama, mpira wa pili lazima uruke mchanga. Nilimwona kijana mmoja mwembamba akimwacha pale jamaa mwenye mabavu, kwa akili tu. Mashindano ndiyo hayo. Aliyechora anajua gofu. Waliomharakisha ndio sijui wanajua nini.

Nyota tatu. Hapana, mbili, nikimkumbuka yule bwana damu inachemka. Huenda nikarudi masika yakipita, nyasi zikishika. Ila nikimkuta bado yupo mezani, nageuza gari.